Macho ya sanamu yakizimika mapema: betri za kifungo, waya na volti tano

Ukinunua sanamu ya kipimo cha 1/6 yenye taa, kinachokuangusha kwanza si rangi wala viungo, ni umeme. Jioni ya kwanza macho yanang'aa meupe. Jioni ya pili yamefifia. Ya tatu unalazimika kuzima taa ya sebuleni ndipo uyaone. Wengi hudhani wameuziwa sanamu mbovu, kumbe sanamu ni nzima kabisa na betri imefanya kazi yake yote iliyotengenezewa.

Betri ndogo za kifungo ndani ya kichwa cha sanamu zimewekwa kwa ajili ya dakika chache za kupiga picha au kumwonyesha mgeni. Anayetaka kabati zima liwake kila jioni azitoe, alete umeme kutoka nje. Kazi hiyo si ngumu, lakini ina mtego mmoja unaoua taa nyingi, nao nitaueleza kwa kirefu huko mbele kwa sababu hata mafundi wazuri wa simu huutumbukia.

Tuanze na hesabu. Kichwa cha sanamu ya sentimita 30 hakina nafasi, kwa hiyo watengenezaji hutumia sana AG1, kidonge chenye kipenyo cha milimita 6.8 na unene wa milimita 2.15. AG1 ya alkali hubeba umeme wa mAh (miliampea-saa, kipimo cha umeme uliomo ndani ya betri) kumi na kitu tu. Zikipangwa tatu mfululizo, volti zinajumlishwa hadi 4.5, lakini mAh hazijumlishwi: bado ni kumi na kitu. Taa mbili nyeupe zikivuta miliampea 8 kwa pamoja, una saa moja na nusu hivi ya mwanga wa maana. Kwa kweli zitawaka zaidi ya hapo, kwa kuwa volti zikishuka na mkondo nao hupungua, lakini mwanga huo wa mwisho si wa kujivunia mbele ya mtu.

Rangi ya taa nayo ina neno. LED nyekundu huhitaji volti 1.8 hadi 2.2 ili iwake. Nyeupe na buluu huhitaji 3.0 hadi 3.4. Sanamu yenye macho mekundu na betri mbili za volti 1.5 itawaka kwa muda mrefu kabla ya kuchoka, kwa sababu hata betri zikishuka hadi 1.2 kila moja, jumla bado ni 2.4. Sanamu yenye macho meupe na betri mbili zile zile inaanza ukingoni kabisa, na betri zikishuka hadi 1.3 tu, mwanga umekwisha ingawa betri zenyewe bado zina uhai. Ukiziona betri "zimekufa" kwenye macho meupe, usizitupe kabla ya kuzipima. Zinaweza kufanya kazi katika kitu kingine.

Majina ya betri hizi yanachanganya bila sababu. AG1 ni LR621, na ile ya fedha ya ukubwa huo ni SR621 au 364. AG3 ni LR41, yaani 392, milimita 7.9 kwa 3.6. AG4 ni LR626, yaani 377, milimita 6.8 kwa 2.6. AG10 ni LR1130, yaani 389, milimita 11.6 kwa 3.1. AG13 ni LR44, yaani 357, milimita 11.6 kwa 5.4. Herufi ya kwanza inakuambia kemia: L ni alkali, S ni oksidi ya fedha, C ni lithiamu ya volti 3. Kwa namba ndefu, tarakimu za mwisho mbili ni unene kwa sehemu za kumi za milimita, kwa hiyo CR2032 ina kipenyo cha milimita 20 na unene wa 3.2, na CR927 ina unene wa 2.7. LR41 na LR44 hazifuati utaratibu huo, kwa hiyo ziweke kichwani tu.

Mahali pazuri pa kununua betri hizi Nairobi si kwenye kadi za rangi rangi zinazouzwa kando ya barabara pamoja na tochi. Nenda kwa fundi wa saa. Yeye huweka za fedha, kwa kuwa saa haivumilii betri inayoshuka volti polepole, na kwa kuwa anauza kila siku, mali yake haikai miaka kwenye rafu. Ila usikilize jibu lake kwa makini:

"Fundi, naomba 364 tatu."

"364 zimeisha, kaka. Chukua 377, ni zile zile."

Kipenyo ndicho kile kile. Unene sio. Tofauti ni milimita 0.45 kwa kila betri, na kwa betri tatu inakuwa 1.35. Kwenye saa yenye betri moja na kibanio cha kupinda hilo huenda likapita. Kwenye kichwa cha sanamu kifuniko hakitafunga, na ukikilazimisha utapinda kibati cha ndani kinachogusa betri au utavunja meno ya kifuniko. Sema asante, nenda kibanda kinachofuata.

Betri ya fedha ni ghali kuliko ya alkali, lakini kwa macho meupe inalipa. Inaanza na volti 1.55 na kukaa karibu hapo hapo mpaka inapokaribia kuisha, halafu inaanguka ghafla. Ya alkali huanza na 1.5 na kuteremka tangu dakika ya kwanza. Mbili za fedha zinakupa 3.1 za kudumu, yaani tofauti kati ya macho yanayowaka na macho yanayojaribu.

Upimaji ufanye betri ikiwa kazini. Ukiigusa kwa multimita (kipimo cha volti) peke yake, hata betri chovu itakuonyesha 1.5, kwa sababu multimita haivuti chochote. Weka rezista (kipande kidogo cha kuzuia mkondo, hupimwa kwa omu) sambamba na betri wakati unapima: omu 330 kwa LR44, omu 1,000 kwa zile ndogo kama AG1. Ikishuka chini ya 1.3 ndani ya sekunde chache, ni ya zamani au ni feki. Beba rezista mbili hizo mfukoni unapoenda kununua. Wauzaji wengine hawapendi kuona hivyo, na hilo nalo ni habari tosha.

Usichanganye betri mpya na kuukuu, wala alkali na fedha, katika mstari mmoja. Ile dhaifu ikiisha kabla ya wenzake, hizo nyingine huendelea kusukuma umeme kupitia kwake kinyume, inavimba na kuvuja. Na usitie LIR2032 mahali pa CR2032 eti kwa kuwa inachajika. LIR iliyojaa ina volti 4.2, na sanamu iliyoundwa kwa volti 3 mara nyingi haina kitu cha kuizuia ziada hiyo.

Kwa sanamu au jukwaa linalotumia LR44 mbili zilizopangana, kuna njia isiyotumiwa sana: CR1/3N. Ni betri moja ya lithiamu ya volti 3 yenye umbo la LR44 mbili zilizobebana, hutumika kwenye baadhi ya kamera za zamani, haivuji kirahisi kama alkali na hukaa miaka bila kuchoka. Itafute kwenye maduka ya kamera kwanza.

Kuvuja ndiko kunakoharibu sanamu nyingi kuliko kitu kingine chochote. Unga mweupe au wa kijani unaouona ni mabaki ya hidroksidi ya potasiamu iliyokutana na hewa na shaba. Inakula vibati vya kugusia, kisha inapanda ndani ya waya kwa kunyonywa, chini ya plastiki yake, hadi kwenye LED. Msimu wa masika ndio mbaya zaidi kwa Nairobi kwa sababu ya unyevu, na ndugu zetu wa Mombasa wana chumvi ya hewani juu ya hilo. Dawa ni asidi hafifu: chovya kijiti cha pamba kwenye siki nyeupe au ndimu, gusa unga huo mpaka uache kutoa povu, pangusa kwa pamba yenye maji kidogo sana, halafu maliza kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Spiriti ya kidonda kutoka duka la dawa si mbadala mzuri, kwa kuwa nyingi zimetiwa mafuta ambayo hubaki juu ya kibati. Na hiyo isopropili iweke mbali na rangi ya sanamu, inaitoa. Kibati kilichobaki cheusi kisugue kwa raba ya penseli. Kilichotoboka kibadilishe kwa kipande cha shaba nyeupe au kibati kilichotolewa kwenye rimoti iliyokufa.

Sasa huo mtego.

Ukifungua sanamu nyingi zenye taa utakuta waya mbili, swichi, LED, basi. Hakuna rezista. Mtengenezaji hakusahau. Betri ya kifungo ina ukinzani wake wa ndani, na kadiri betri ilivyo ndogo ndivyo ukinzani huo unavyokuwa mkubwa. Ukiiambia AG1 itoe miliampea 50 haiwezi, volti zake zinaporomoka. Yaani betri yenyewe ndiyo rezista. Mtu anayeng'oa betri tatu na kuunganisha pale pale chaja iliyoshushwa hadi volti 4.5 kamili anajiona amefanya kazi sahihi, kwa kuwa volti ni zile zile. Lakini chaja haina udhaifu wa betri. Inasukuma mkondo wowote LED itakaoukubali, na LED nyeupe ya volti 3.1 ikipewa 4.5 bila kizuizi hukubali mwingi mno. Inawaka kwa fahari, inageuka rangi kuelekea buluu, kisha inakufa. Wakati mwingine baada ya sekunde, wakati mwingine baada ya wiki. Na LED ya jicho iliyogandishwa ndani ya kichwa cha plastiki si kitu cha kubadilisha jioni moja.

Kwa hiyo kanuni ni moja: umeme wa nje haugusi LED bila rezista. Hesabu yake ni nyepesi. Toa volti za LED kwenye volti za chanzo, gawanya kwa mkondo unaoutaka. Chanzo cha USB ni volti 5, LED nyeupe 3.1, mkondo miliampea 5: 1.9 gawanya kwa 0.005 ni 380, chukua omu 390. LED nyekundu ya volti 2: 3 gawanya kwa 0.005 ni 600, chukua 620 au 680. Rezista hiyo inatoa joto la miliwati 10 hadi 15 tu, kwa hiyo ile ndogo kabisa ya moja ya nane ya wati inatosha na kubaki. Kila LED iwe na rezista yake. LED mbili zikishirikiana moja, ile yenye volti za chini kidogo hunyakua mkondo na jicho moja litang'aa kuliko jingine. Ikiwa macho yameunganishwa tayari ndani ya kichwa na huwezi kuyatenganisha, basi ushirika huo umeshafanywa na kiwanda. Weka rezista moja kwa yote mawili.

Kama hujui ndani kuna nini, acha hesabu. Chukua rezista za 1,000, 680, 470 na 330, tia betri mpya kwenye sanamu na upige picha ya macho kwenye giza ukiwa umefunga mipangilio ya kamera ya simu. Toa betri, unganisha volti 5 kupitia omu 1,000, piga picha nyingine kwa mipangilio ile ile. Shuka hatua moja moja mpaka mwanga ukaribiane, kisha simama. Mara nyingi utashangaa kwamba omu 1,000 inatosha kabisa. LED nyeupe za siku hizi zinaonekana vizuri hata kwa miliampea 1, na ndani ya kabati usiku, macho yenye miliampea 2 yanapendeza kuliko yenye 10 ambayo yanafuta sura yote ya kichwa.

Sanamu yenye saketi ya kumeta au sauti ni kesi nyingine. Hapo mkondo unapanda na kushuka, na rezista peke yake itafanya volti zicheze mpaka chipu ijiwashe upya kila mara taa inapomulika. Tumia diodi badala yake, kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Diodi ya 1N4148 hula volti 0.7 hivi bila kujali sana mkondo. Moja kwenye volti 5 inakuachia 4.3, mahali pa betri tatu. Tatu mfululizo zinakuachia 2.9, mahali pa betri mbili au CR moja. Ongeza kapasita (kipande cha kuhifadhi umeme kwa muda mfupi) ya mikrofaradi 100 baada ya diodi, na rezista ya omu 22 hadi 47 kwa ajili ya kuiga ule udhaifu wa betri. Hakikisha chanya na hasi kabla ya kuwasha: LED ikigeuzwa kwa kawaida haiwaki tu, lakini chipu ikigeuzwa huenda isipone.

Namna ya kuingiza umeme bila kutoboa sanamu ni betri bandia. Ni kipande chenye umbo la betri, shaba juu na chini, waya mbili zinatoka. Siku ukitaka kuiuza sanamu unakitoa, unarudisha betri, na hakuna aliyejua. Kwa bei ya sanamu hizi, kutoboa mgongo kwa drili ni kuchoma pesa.

Kwa nafasi ya AG1, penseli ya rangi ni mwili mzuri, kwa kuwa penseli nyingi zina unene wa milimita 7 hivi. Narudia: ya rangi. Penseli ya kawaida ina risasi ya kaboni katikati, nayo hupitisha umeme kutoka upande hadi upande, yaani umejitengenezea shoti. Isugue kwa msasa hadi milimita 6.7, kata urefu wa 6.2 kwa nafasi ya betri tatu (zenyewe ni 6.45, hiyo iliyobaki ni ya shaba na solda), na uchimbe vijia viwili ubavuni vya kupitisha waya. Juu na chini bandika shaba nyembamba. Usitumie bati la kopo la soda. Ni alumini, haishiki solda. Kwa nafasi ya LR44, kata duara kutoka kadi kuukuu za benki. Kadi ina unene wa milimita 0.76, saba zikibandikwa ni 5.3, shaba ya pande mbili inamalizia.

Chomea waya kwenye shaba kabla ya kuibandika kwenye mwili, vinginevyo joto linayeyusha kila kitu. Kisha pima kwa multimita kwamba juu na chini havigusani. Hapo ndipo rezista inaweza pia kukaa, ndani ya waya, sentimita chache nje ya sanamu, imefunikwa kwa mpira wa kusinyaa kwa joto. Nje ni bora kuliko ndani, kwa kuwa ukitaka kubadilisha mwanga hufungui kichwa tena.

Kuhusu waya, zile za kawaida ni nene mno. Kinachofaa ni waya wa shaba uliopakwa vanishi, wa milimita 0.1 hadi 0.2, unaopatikana bure kwenye koili ya rilei mbovu au kwa mafundi wa kusuka mota, ambao wakikata mabaki hawana habari nayo. Hata wa 0.1 una ukinzani wa omu 2.2 tu kwa mita, kwa hiyo kwa miliampea 15 hupotezi chochote cha kuonekana. Vanishi huondolewa kwa ncha ya wembe, au kwa tone la solda ya moto kwenye chuma chenye nyuzi 400 hivi kwa sekunde mbili tatu. Waya usiosafishwa vizuri unaonekana umeshika ilhali solda imeukumbatia tu bila kugusa shaba. Vuta kidogo, pima, kisha endelea.

Waya huo una adui mmoja, kupindwa. Mahali pa shingo au kifundo cha mguu utakatika baada ya mikao michache. Hapo tumia waya wa iafoni (spika za masikioni) iliyokufa: nyuzi zake za shaba zimefumwa pamoja na uzi wa nailoni, zinapinda mara nyingi bila kulalamika. Acha kitanzi cha sentimita moja kila unapovuka kiungo.

Njia ya waya inategemea mavazi. Sanamu yenye nguo: toka nyuma ya shingo, shuka mgongoni ndani ya shati, ndani ya suruali, toka kisiginoni hadi kwenye stendi. Sanamu ya mavazi ya kivita ya chuma, isiyo na kitambaa: fuata mstari wa maungio ya mabamba mgongoni na upake waya rangi ile ile. Kifuniko cha betri kikikataa kufunga juu ya waya, piga tupa kidogo kwenye kona yake, nusu milimita inatosha. Kama hata hilo linakuuma, acha kifuniko ndani ya boksi lake na ufunike tundu kwa tepu nyeusi.

Skrubu za vifuniko hivi huhitaji bisibisi ya nyota namba 00. Namba 0 itaingia nusu na kuila. Iliyolika, weka kipande cha mpira wa kufungia noti kati ya bisibisi na skrubu, kandamiza, zungusha polepole.

Upande wa kabati, fanya njia moja ya volti 5 nyuma ya rafu, na kila sanamu ichomeke yenyewe kwa plagi ndogo ya pini mbili, ili uweze kutoa moja kuipiga picha bila kuzima nyingine. Sanamu 12 zenye LED tatu za miliampea 5 zinavuta miliampea 180, chini ya wati moja. Ukiziwasha saa sita kila jioni, mwaka mzima ni yuniti mbili za tokeni, labda tatu ukihesabu hasara ya chaja. Hakuna atakayekulaumu nyumbani kwa hilo. Weka fyuzi ya miliampea 500 mwanzoni mwa njia, ile inayojirudi yenyewe, kwa sababu waya za unywele zikigusana na chaja ya ampea mbili, zinawaka kabla chaja haijagundua.

Chaja iwe ya simu, halali. Za bei ya kutupwa hazina utengano mzuri na volti 240 za ukutani, na ishara yake ni ule mwasho kidoleni unapogusa chuma cha sanamu. Ukihisi hivyo, itoe. Waya wa USB unaoukata uwe na kichwa cha A upande wa chaja. Tundu la C halitoi volti mpaka lione rezista za omu 5,100 upande wa pili, na watu hupoteza jioni nzima wakitafuta kasoro ambayo haipo. Ndani ya waya, nyekundu kwa kawaida ni chanya na nyeusi hasi, lakini pima. Rangi kwenye waya za bei rahisi ni pendekezo tu.

Pawabanki haifai kwa kabati dogo. Nyingi hujizima zikiona mkondo mdogo, kwa kuwa zinadhani simu imejaa. Utawasha, yatang'aa nusu dakika, yatazima. Kwa wanaotaka taa zibaki hata stima ikipotea, ile UPS ndogo ya ruta ya WiFi yenye tundu la USB la volti 5 ndiyo rafiki. Imeundwa kutoa umeme muda wote.

Kama kuna mtoto nyumbani, betri za lithiamu za ukubwa wa CR2032 zifungiwe mbali, na majukwaa yenye vifuniko visivyo na skrubu yawekwe juu. Ikimezwa na kukwama kooni, inaweza kuunguza vibaya ndani ya saa mbili. Haingojwi dalili, wala mtoto hatapishwi. Ni hospitali mara moja. Zilizokwisha zizungushie tepu pande zote mbili, zikusanye kwenye chupa, na uzipeleke kwa wanaopokea taka za elektroniki kama WEEE Centre badala ya kuzitupa kwenye pipa la jikoni.

Na ukishamaliza yote hayo taa zikagoma, fuata mwanga kuanzia mwisho. Jicho moja limezima na jingine linawaka: ni LED au mguu wake, umeme unafika. Yote mawili yamezima: toa betri bandia, pima volti kwenye shaba zake, zipo 5, basi ni swichi ya sanamu au kibati kilichopinda, na kukiinua kwa kijiti cha meno kwa nusu milimita hurudisha mengi. Hakuna volti kabisa: rudi kwenye kiungo cha solda kilicho karibu zaidi na kifundo cha mguu. Yanamulika ukigeuza kichwa: waya wa shingo unakatika ndani ya vanishi, bado kidogo tu. Ubadilishe sasa, ukiwa bado unaweza kuvutia mpya kwa kuufunga kwenye mkia wa ule wa zamani, kwa sababu ukishakatika kabisa utaupitisha kipofu.